HERUFI NDOGO KWENYE KIOO: SABABU GANI 6 INAGEUKA 8?



Katika toleo hili zamu ya somo iko ya mwaka wa sita. Tumechagua jambo ambalo wengi wataliona dogo, na kweli ni dogo: urefu wake ni pikseli tano tu. Lakini limekwisha kuwanyang'anya wenzetu pointi. Mmoja wetu alijisomea Shimi usiku kwenye kompyuta ya zamani (wengi tunasema ordinateri), na kesho yake katika interogasio akaandika C8H12O6 pahali pa C6H12O6. Glukozi ina gramu 180 kwa moli. Yeye akapata 204, na kutoka pale hesabu zote zikafuata njia ya upotevu. Mwalimu alikata, na alikuwa na haki. Sisi tulikwenda kukitazama kile kioo. Ile tarakimu haikuwa 6 wala haikuwa 8. Ilikuwa doa la kijivu, na macho yalichagua yenyewe.

Basi tuliuliza: doa lile linatoka wapi? Na nani anapaswa kulizuia?

KIOO NI KAYE YA MIRABA

Kamateni kaye ya miraba na kreyo. Kioo cha kompyuta na cha simu kiko vilevile: miraba midogo sana, safu juu ya safu, na kila mraba unaitwa pikseli. Pikseli inaweza kuwa nyeusi, au nyeupe, au kijivu cha katikati. Kitu kimoja haiwezi: kuwa nyeusi upande wa juu na nyeupe upande wa chini. Fundi wa matofali akikosa nafasi anapasua tofali anapata nusu. Pikseli haipasuki.

Sasa choreni 8 kwa upana wa miraba 3 na urefu wa miraba 5. Jumla ni miraba 15. Jazeni yote, isipokuwa ule wa katikati wa safu ya pili na ule wa katikati wa safu ya nne. Hiyo ndiyo 8. Mkitaka 6, futeni mraba mmoja tu: wa kulia, safu ya pili kutoka juu. Mkitaka 9, futeni mmoja tu: wa kushoto, safu ya nne. Mkitaka 0, futeni ule wa katikati kabisa. Maana yake, kutoka 8 kwenda 6, kwenda 9, au kwenda 0, safari ni ya mraba mmoja. Mraba huo ukiwa kijivu badala ya kuwa mweusi au mweupe, tarakimu imepotea.

Mtasema: nani anaandika kwa miraba 15? Tufanye hesabu. Kioo cha zamani cha inchi 15, chenye pikseli 1024 kwa 768, kina karibu pikseli 85 katika kila inchi. Herufi ya ukubwa wa 10 maana yake ni pointi 10, na inchi moja ina pointi 72. Kwa hiyo 10 × 85 ÷ 72 inatoa karibu 12. Tarakimu ya chini katika formula inaandikwa kwa karibu sita ya kumi ya ukubwa huo: inabaki pikseli 7. Na tarakimu haijazi nafasi yote, inachukua karibu saba ya kumi. Inabaki safu 5. Ndiyo ile kaye yetu.

HERUFI HAIKUCHORWA KWA MIRABA

Zamani kompyuta zilikuwa na herufi zilizochorwa mraba kwa mraba, na simu ndogo za kubonyeza nyingi zinafanya vile hata leo. Mtu alikaa akaamua kila pikseli. Herufi hizo ziko wazi, lakini haziwezi kukua wala kupungua: kila ukubwa unadai mchoro wake.

Fonti za sasa (kwa Kifaransa zinaitwa police, na kuko wadogo wa mwaka wa kwanza walioogopa) zimechorwa kwa mistari na mikunjo, kama jometri. Mchoro ni mmoja, kompyuta inaupanua au kuupunguza inavyotaka. Kisha inauweka juu ya miraba na kuuliza: mraba upi umefunikwa? Pale ndipo taabu inaanza.

Tuchukue herufi e. Tuseme mchoraji amegawa kimo cha fonti katika sehemu 1000, na herufi ndogo zisizo na mkia wala pembe (a, e, n, o, x) zina urefu wa sehemu 530. Kila mstari wa kulala wa e una unene wa sehemu 80. Tuiweke e hii kwenye pikseli 12. Urefu wake ni 530 × 12 ÷ 1000, yaani safu 6,36. Mmesikia? Sita na thuluthi na kidogo. Mstari wa chini unaanza 0 mpaka 0,96, hapo hakuna shida, safu ya kwanza imejaa. Mstari wa juu unaanza 5,40 mpaka 6,36. Umekaa juu ya mpaka! Sehemu 60 kwa 100 iko katika safu ya sita, na 36 kwa 100 katika safu ya saba. Kompyuta inapaka kijivu kikali hapa na kijivu hafifu pale, na mstari mmoja umegeuka kuwa ukungu wa safu mbili. Ile nafasi nyeupe iliyo kati ya mstari wa juu na wa katikati inabanwa, e inaanza kufanana na o, na c nayo inaingia katika ugomvi.

Ninyi mnaosoma karatasi hii ya kurudufiwa mnajua ugonjwa huu kwa sura nyingine. Wino ukizidi, tumbo la e na la a linaziba. Kwenye karatasi ni wino. Kwenye kioo ni hesabu ya desimali.

Angalieni tena jambo moja juu ya e: ina mistari mitatu ya kulala na nafasi mbili nyeupe katikati. Mstari, nafasi, mstari, nafasi, mstari. Ni safu 5. Chini ya safu 5 hakuna e, hata mchoraji awe hodari namna gani. Herufi a ya vitabu, ile yenye kichwa na tumbo, inadai tano vilevile. Hesabu hii ya tano tutaihitaji mbele.

MAAGIZO NDANI YA HERUFI

Dawa ilipatikana mapema: kuweka ndani ya fonti maagizo madogo, ambayo yanasukuma mistari ya herufi mpaka ikae sawasawa juu ya safu, kabla ya kupakwa. Maagizo yanasema: mstari huu wa juu, peleka kwenye mpaka ulio karibu, unene wake usipungue pikseli moja, na o, ambayo mchoraji aliizidisha kidogo kuliko x kusudi macho yaione sawa, irudishwe kimo kimoja na x, kwa sababu kwenye pikseli 12 kile kidogo hakina pahali pa kukaa. Herufi inapotoshwa kidogo kwa kusudi, ili isipotoke ovyo.

Kampuni ya Apple ilitoa fonti za TrueType zenye maagizo ya namna hii mwaka 1991, na Microsoft ikazipokea katika Windows 3.1 mwaka 1992. Lakini maagizo yale yaliandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi, na watu waliojua kazi hiyo vizuri walikuwa wachache sana ulimwenguni. Mfano mzuri ni Verdana ya mwaka 1996. Matthew Carter alianza na pikseli kwanza, ndipo akachora mistari juu yake, na Tom Rickner akaandika maagizo. Matokeo mnaweza kuyaona wenyewe: ndani ya Verdana, I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazichanganyiki, hata zikiwa ndogo.

Kazi kama hiyo ina gharama, na gharama inachagua nani atahudumiwa. Herufi za Kiingereza na Kifaransa zilipata mafundi. Lakini ɛ na ɔ za Lingala ya vitabu, pamoja na alama za sauti juu yake, nani angelipa fundi akae nazo? Mara nyingi zilikosekana kabisa, au zilikuwepo bila maagizo, zikacheza juu ya mstari kama meno mabovu.

Kompyuta kujifanyia kazi hiyo yenyewe, bila fundi, kulitoka mahali ambapo hatukutazamia: katika sheria. Kuko programu ya bure inayoitwa FreeType, iliyoanzishwa na David Turner mwaka 1996, yenye kazi ya kugeuza michoro ya herufi kuwa pikseli. Iko ndani ya Linux na ndani ya simu za Android, kwa hiyo wengi wenu mnaibeba mfukoni. Sasa, Apple ilikuwa na hataza (brevet) juu ya sehemu za ile njia ya kusoma maagizo ya TrueType. Watu wa FreeType hawakuweza kuitumia wazi bila kuhofia. Wakafanya nini? Walitengeneza njia nyingine: programu isiyosoma maagizo ya fundi, bali inatazama herufi yenyewe na kukisia. Ilitoka pamoja na FreeType 2.0 mwaka 2000. Hataza zile zilikwisha mwaka 2010, lakini ile njia ya kukisia ilibaki, kwa kuwa ilikuwa imeonekana kuwa na faida.

Mwaka uliofuata, 2011, Mwaustria Werner Lemberg, mmoja wa watunzaji wa FreeType, alianza kutoa programu yake ttfautohint. (Wanakwaya msikie: huyu ni mwanamuziki kwa masomo na kwa kazi.) Programu hii inachukua fonti isiyo na maagizo, inafanya makisio yale yale ya FreeType, kisha inayaandika ndani ya fonti kama maagizo ya TrueType, kusudi hata kompyuta ya Windows isiyo na FreeType iyatii. Kazi ya miezi inakuwa kazi ya dakika. SIL, shirika la lugha linalojulikana na wengi katika makanisa yetu, linaitumia katika fonti zake Charis na Andika, ambazo zina ɛ, ɔ, ŋ na nyingine nyingi. Andika ilichorwa kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma.

INAKISIAJE?

Kwanza inatazama herufi o, na kwayo inapima unene wa kawaida wa mistari. Kisha inatafuta vimo ambavyo herufi nyingi zinashirikiana: mstari wa chini ambapo zote zinasimama, kimo cha x, kimo cha herufi kubwa. Vimo hivyo inavipeleka kwenye mpaka wa pikseli kamili, na mistari mingine ya kulala inafuata.

Turudi kwa e yetu ya safu 6,36. Kwa kawaida programu ingeishusha mpaka 6. Mstari wa kwanza, wa nne na wa sita. Nafasi nyeupe ya chini safu mbili, ya juu safu moja. Inasomeka, lakini imebanwa juu. Lemberg aliweka shauri lingine: kwa ukubwa mdogo, toka pikseli 6 mpaka 14, kimo cha x kipandishwe kwa urahisi zaidi kuliko kushushwa. Kwa hiyo 6,36 inapanda kuwa 7. Mistari inakaa safu ya kwanza, ya nne na ya saba, na nafasi ni mbili kwa mbili. Herufi imekuwa ndefu kidogo kuliko alivyotaka mchoraji, na mchoraji anaweza kulalamika. Msomaji halalamiki.

Sasa jambo ambalo watu wanalisahau. ttfautohint inasahihisha vimo tu, haigusi upana. Juu ya nini? Kila pikseli ya vioo vingi vya kompyuta imegawanyika vipande vitatu vilivyosimama sambamba: chekundu, kijani na buluu. Windows kwa njia yake ya ClearType inawasha vipande hivyo kimoja kimoja, na hivyo upande wa kushoto na kulia inapata usahihi zaidi. Juu na chini haipati kitu. Kwa hiyo msaada ulihitajika zaidi kwenye vimo, na kugusa upana kungevuruga nafasi kati ya herufi.

Hiyo ni akili nzuri, lakini sisi wenye kuandika Kiswahili tuna neno la kusema. Lugha yetu inapenda miti iliyosimama. Andika nimimine, au nilimlilia, kwa herufi ndogo: n, i, m, l, miguu mitupu, kama ua wa miti. Waandishi wa Ulaya wa zamani waliona taabu hiyo hiyo katika Kilatini, na alama juu ya i ilianza kuwekwa kusudi i ionekane katikati ya m na n. Kwenye kioo kisichotumia vipande vile vitatu, miguu hiyo inakuwa ya kijivu, na programu ya vimo haina dawa yake.

Kifuliiru kiko na shida zaidi. Tazameni jina lenyewe: l, i, i, miti mitatu mfululizo. Irabu ndefu inaandikwa mara mbili, na si mapambo. Hata katika Kiswahili ushauri utakaokufaa si ushauri utakaokufa. Kompyuta haijui hayo. Inajua mistari, vimo na unene. Haijui ni tofauti ipi yenye maana kwa mzee anayesoma Maandiko kwa lugha ya mama.

Na Kifaransa cha masomo? Pécheur ni mwenye dhambi, pêcheur ni mvuvi. Ufuoni kwetu tuko na wote wawili. Kwenye pikseli 12 alama ya é na ya ê zina safu mbili au tatu tu za kujitofautisha, tena safu moja lazima ibaki nyeupe ili alama isishikamane na herufi. Tulipochora kwenye kaye tulihesabu miraba miwili ya tofauti. Petro na Andrea wangeitwa wenye dhambi wa samaki.

PICHA SI MAANDIKO

Hapa tunataka kusema kwa nguvu kidogo, hasa kwa wenzetu wanaojiandaa kwa Egzame ya Serikali. Wengi tunapokea notisi kwa WhatsApp kama picha: mtu anapiga picha ya ukurasa, anaituma, mwingine anaituma tena. Ndani ya picha hamna herufi. Hamna e, hamna 6, kuna miraba ya rangi tu, na kila ikitumwa inaweza kubanwa tena. Maagizo yote tuliyoeleza, ya Rickner na ya Lemberg, hayana pa kushika. Ukiikuza picha, unakuza doa. Lakini notisi iliyoandikwa kwa kompyuta na kutumwa kama PDF ya maandiko, ukiikuza, herufi inachorwa upya kutoka kwenye mchoro wake, na 6 inakuwa 6. Namna ya kujua: gusa neno na kidole uone kama linachaguliwa. Kama halichaguliwi, mara nyingi ni picha.

Kwa hiyo mwaka wa sita tumeanza kuandika upya notisi za Shimi na Fizika, kila mtu kurasa mbili kwa juma. Fonti ni Andika au Verdana, ukubwa hauendi chini ya 11, na tarakimu za formula tunazikuza kwa mkono zisiwe chini ya 9. Hesabu ya kioo kile cha zamani: 9 × 85 ÷ 72 ni karibu 10,6, na saba ya kumi yake ni safu 7. Tumetoka 5 mpaka 7. Karatasi inaliwa zaidi, ni kweli, na Bwana Intanda amekwisha kutuuliza. Kwenye simu mpya yenye pikseli 270 kwa inchi shida hii karibu haiko, kwa kuwa herufi ya pointi 10 inapata pikseli 37. Lakini si kila mtu hapa Kiringye ana simu hiyo, na kioo kimoja cha zamani kinatumiwa na darasa zima.

MAZOEZI

1. Fonti yetu ya mfano (kimo cha x sehemu 530 kwa 1000) iwekwe kwenye pikseli 8. Tafuta idadi ya safu. Ikishushwa, e inaishi? Ikipandishwa?

2. Fanya vilevile kwa pikseli 7. Eleza kwa nini hata kupandisha mpaka 4 hakusaidii kitu.

3. Chora é na ê kwenye kaye ya miraba, herufi safu 6 na juu yake safu 3, ya kwanza ikibaki nyeupe. Hesabu miraba inayotofautiana. Kama ukipata zaidi ya miwili tuletee mchoro, tunautaka.

4. Andika jina la kijiji chako kwa safu 5 tu. Wa Lubarika na wa Luvungi wataona nani ana taabu zaidi.

Majibu yaletwe katika darasa la sita kabla ya Ijumaa, kwenye karatasi ya miraba, kwa kreyo inayofutika.

Kapitene wa shule, kwa niaba ya mwaka wa sita